Wana-Dodoma, Tudai Uwanja Kabla Viwanja Havijaisha

Wana-Dodoma wenzangu, mliozaliwa Kikuyu na Chamwino, mliohamia na wizara zenu, na ninyi mlioshuka juzi kwenye treni ya SGR mkakuta kodi ya chumba imeshapanda: nina ombi. Halmashauri yetu hupanga bajeti kila mwaka, na kila mwaka wengi wetu tunaisikia ikiwa imeshapitishwa. Safari hii tuwahi.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa yetu. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Kati ya sensa hizo mbili serikali ilihamia kweli, baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa kukaa kwenye makaratasi zaidi ya miaka 40. CDA, mamlaka iliyokuwa ikistawisha makao makuu, ikavunjwa Mei 2017, na tarehe 26 Aprili 2018 tukatangazwa kuwa jiji. Barabara ya mzunguko ya kilometa 112.3 ni yetu, reli ni yetu, Mji wa Serikali uko Mtumba. Tunashukuru. Ila saa kumi na moja jioni, mtoto wa Nkuhungu au wa Nzuguni anachezea wapi? Vikundi vya mazoezi vinakimbia pembezoni mwa lami huku bodaboda zikiwapita begani. Mwanafunzi anayetaka meza na taa ya kusomea atapanda daladala mpaka maktaba ya mkoa, mjini.

Tulivyonavyo vimerundikana katikati. Nyerere Square iko katikati, Chinangali Park iko katikati, na Uwanja wa Jamhuri uko katikati, nao ni mali ya Chama cha Mapinduzi, si ya jiji. Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI wa Morocco alikubali ombi la kutujengea uwanja mkubwa hapa, na tangu hapo kila tukizungumzia michezo Dodoma mazungumzo huishia kwenye uwanja wa maelfu ya viti. Mimi siuombi huo. Huo ni wa kwenda kutazama wengine wakicheza. Naomba ule wa mtaa, wenye magoli mawili, bomba la maji, choo kinachofungika na miti minne mitano ya kivuli, na pembeni yake ukumbi wa kata wenye chumba cha kusomea.

Na si kwamba hakuna aliyewahi kuufikiria. Mpango wa kwanza wa mji mkuu, uliochorwa na wataalamu wa Canada mwaka 1976, ulimtanguliza mtembea kwa miguu na basi mbele ya gari binafsi, ukaacha mikanda ya kijani kati ya makazi na makazi. Tembea leo uitafute hiyo mikanda.

Kwa nini basi viwanja vya mtaa havijengwi? Jibu nililolipata kwa kusikiliza ni moja: havirudishi fedha. Soko la Job Ndugai linakusanya ushuru, stendi ya mabasi inakusanya ushuru, maegesho ya malori vilevile. Ndiyo maana miradi ya aina hiyo huitwa ya kimkakati na kupata mfadhili upesi. Mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 mwaka 2024, na wawekezaji wakainunua kwa kuwa kila mwezi kuna bili za maji zitakazolipwa. Bembea ya watoto haina bili. Hata Chinangali Park tuliipata kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ndani ya mradi uleule wa miji ya kimkakati uliotuletea stendi na soko. Ilipanda lifti kwenye gari la wengine.

Kuna jambo baya zaidi, na naomba tulitazame bila kuoneana aibu. Jiji letu limepata sehemu kubwa ya mapato yake kwa kuuza viwanja. Si kosa, mji unaokua lazima upime ardhi. Lakini halmashauri inayoishi kwa kuuza viwanja ikiona eneo la wazi inaona nini? Katika mtaa mmoja wa pembezoni, ambao sitautaja, vijana wanacheza mpira kwenye uwanja wa vumbi jekundu, na hatua chache kutoka duara la katikati imesimikwa bikoni ya saruji yenye namba. Beki wao ameifunga tairi kuukuu ili watu wasijikwae. Hakuna anayejua kiwanja hicho ni cha nani, wala alikinunua lini. Mechi inaendelea tu, kwa sababu mwenyewe hajaleta matofali. Siku matofali yakifika hakuna atakayekuwa na karatasi ya kubishana naye.

Ndiyo maana nasema fedha ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni ramani. Uwanja usiokuwa kwenye mchoro wa mipango miji, wenye mipaka na hati kwa jina la halmashauri, ni kiwanja kinachosubiri mnunuzi. Walio kwenye maeneo ya urasimishaji wa makazi ndio wenye nafasi ya mwisho: majirani wanapokaa kukubaliana nani aachie mita ngapi kwa ajili ya barabara, wakubaliane siku hiyohiyo kuhusu pa kuchezea watoto. Nyumba zikishajaa, fidia ya eneo kama hilo haitalipika.

Kuhusu fedha zenyewe, sipendekezi michango mipya. Watu wamechoka na michango. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sehemu yake hurejeshwa halmashauri. Tayari tunalipa, basi tuulize inajenga nini. Kisha tuwaombe madiwani watenge kwa azimio asilimia fulani ya mauzo ya viwanja, wataipanga wao, iwe ya viwanja vya michezo na kumbi za kata peke yake. Kutenga kunawezekana. Asilimia 10 ya mapato ya ndani imewekwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hata iliposimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, watu walijua fungu lao lipo na wakaliulizia. Fungu lisilo na jina halina wa kuliulizia.

Tena si kweli kwamba vitu hivi havirudishi hata senti. Hesabu kumbi za watu binafsi zinazokodiwa kila Jumamosi kwa sendofu, kipaimara na kitchen party. Ukumbi wa kata ukikodishwa kwa bei nafuu Jumamosi, unaweza kumlipa mlinzi na bili ya maji ya uwanja wiki nzima. Dar es Salaam walilifanya hilo kwa fahari: shirika la jiji, DDC, lilikuwa na kumbi Kariakoo na Magomeni Kondoa, na kuanzia 1983 likawa na bendi yake, Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Sisi hatuhitaji hata kuunda bendi. Wagogo wana muheme na zeze, na Chamwino wana tamasha lao la muziki wa Cigogo. Wanakosa paa mjini.

Sasa nigeuke kwetu, hasa watumishi wenzangu. Mkutano wa mtaa ukiitishwa utawakuta wazee, akina mama na vijana wachache. Sisi tuliohamia hatumo. Ijumaa jioni tumekimbilia Dar es Salaam, Jumapili usiku ndio tunarudi, halafu tunalalamika kwamba Dodoma haina pa kupumzikia. Diwani ataomba uwanja kwa niaba ya nani?

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango ya mitaa na kata hukusanywa miezi mingi kabla, na Baraza la Madiwani huwa limeshapitisha bajeti yake mapema katika mwaka. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji wa mtaa wako wiki hii, umwombe akuonyeshe mchoro wa mtaa na eneo la wazi lililomo. Kama lipo, omba liwekewe mipaka na hati. Kama halipo, sema hivyo mkutanoni, na hakikisha neno lako limeandikwa kwenye muhtasari kabla hujaondoka.