Wageni wa ndoa Uvira waonyeshwe ziwa, si ukumbi tu

Wageni wa ndoa wanafika Uvira kutoka Bukavu, Baraka, Bujumbura na hata Ulaya. Wanaingia kanisani, wanakwenda ukumbini, wanakula, wanacheza, na kesho yake wanarudi kwao. Ziwa Tanganyika wameliona kupitia dirisha la gari. Kosa hilo si la mgeni, ni la aliyemualika.

Komite ya ndoa inakusanya michango ya ukumbi, muziki, vinywaji na sare. Ni mara chache inapanga siku moja ya wageni, ingawa siku hiyo haiombi feza nyingi. Nje ya miezi ya kufunga uvuvi, mgeni apelekwe ufukweni asubuhi, mitumbwi ikirudi, aone ndagala wakianikwa na anunue mikeke kwa mama muuzaji mwenyewe. Kisha bandari ya Kalundu, inayounganisha Uvira na Kalemie na Kigoma. Kwa ruhusa iliyoombwa mapema, kuna pia kituo cha CRH, kinachochunguza viumbe vya ziwa hili. Kina chake kinafika mita 1.470, cha pili duniani baada ya Baikal, na samaki wake wengi hawapatikani mahali pengine popote. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo, anayeijua Uvira kwa habari za vita tu, ana haki ya kujua hayo pia.

Wapo watakaouliza juu ya usalama, na wana haki. Ndiyo maana matembezi yafanyike mchana, karibu na mji, kwa kujulisha viongozi wa mtaa. Mtu asioge karibu na mdomo wa Ruzizi, kwenye viboko na mamba, wala asipande mtumbwi bila jaketi la kuokolea. Anayerudi Bujumbura aulize kwanza kama mpaka wa Kavimvira uko wazi na unafungwa saa ngapi. Na wanapovuka mto Mulongwe, wageni waambiwe kwamba mwezi wa Aprili 2020 maji yake yalibeba watu na nyumba. Kumkaribisha mtu ni pamoja na kumwambia ukweli wa mahali.

Feza ya vinywaji inaisha usiku uleule. Inayoachwa kwa mvuvi, kwa mama wa samaki na kwa kijana wa pikipiki, hiyo inabaki Uvira. Komite zinazopanga ndoa sasa zipunguze kreti chache za bia, ziwape wageni siku moja ya ziwa.