Kidole Gumba Hakisomi Katiba



Tulipodai vyama vingi tuliambiwa tungoje, kwa kuwa raia wa kawaida hajakomaa. Hatukungoja. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa. Tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura. Na Agosti 2010 tukaipokea katiba mpya ambayo wengi walikuwa wameililia, wakaifia na kufungwa kwa ajili yake. Leo twauliza swali ambalo sisi wanamageuzi tumelikwepa kwa muda mrefu. Katiba hiyo ni ya nani, ikiwa mama wa Mutomo au wa Kibwezi, aliyeamka usiku wa manane ili awahi foleni ya kuipigia kura, hawezi kuusoma hata ukurasa wake mmoja?

Twasema bila kificho: matunda ya mageuzi yamebaki mikononi mwa wanaojua kusoma. Wengine wameachiwa kidole gumba na kibweta cha wino.

Wakumbuke wenye kumbukumbu. Mwaka 1988 chama tawala kilitupanga kwa mlolongo, kila mtu akaonekana amesimama nyuma ya nani. Tuliupinga mlolongo kwa sababu ulimvua mpiga kura siri yake. Lakini 1992, kura ya siri iliporudi, asiyejua kusoma alilazimika kumtamkia msimamizi wa kituo jina la amtakaye, mawakala wa vyama wakisikiliza. Kwake yeye mlolongo haukuisha; ulihamia ndani ya chumba. Kanuni za uchaguzi za 2012 zinamruhusu aje na mtu wake wa kumsaidia, aliyetimiza miaka 18. Hilo ni afadhali. Hata hivyo, siri inayotunzwa na mtu wa pili ni siri ya kukopeshwa.

Ahadi hazikukosekana. Bunge lilitunga sheria ya kuunda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966. Siku ya Jamhuri ya 1978 Rais Moi aliagiza ujinga wa kutojua kusoma ufutwe nchini katika miaka mitano. Mwaka 1979 idara maalumu ikaanzishwa, na watu zaidi ya 400,000 wakajiandikisha. Walikuja na vibao, na watoto mgongoni. Kisha vishindo vya kampeni vikatulia. Walimu wa muda wakapewa kifuta jasho kisichofuta hata jasho la safari, na madarasa yakafungwa moja baada ya jingine. Utafiti wa kitaifa wa 2006 ulipofanywa, miaka ishirini na mitatu baada ya muhula ule wa miaka mitano kwisha, ulikuta watu wazima 38.5 katika kila 100 hawajui kusoma na kuandika ipasavyo. Hao walikuwa milioni 7.8. Waliofikia kiwango cha kusoma kwa ufasaha hawakutimia hata 30 katika kila 100.

Msidhani tunazungumza juu ya vikongwe tu. Serikali ilifuta ada ya madarasa ya chini mwaka 1974, na papo hapo michango ya majengo ikaingia mlangoni badala yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja sera ya kugawana gharama. Katika nchi kavu kama Kitui na Makueni, ambako mvua ikikosa misimu miwili mbuzi huuzwa kwa bei ya kutupa, mzazi alikuwa na uamuzi mmoja: nani abaki nyumbani. Mara nyingi alibaki msichana. Elimu ya msingi bila malipo ilipofika 2003, msichana huyo alikuwa mama tayari. Leo yu katika umri wa miaka arobaini au hamsini. Ana nguvu, analima, anauza, analea. Hakukataa shule, shule ndiyo iliyomkataa.

Mtazameni mama huyo kazini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, yasema kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeijua lugha ya mkataba wake, lazima aelezwe mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Yaruhusu pia atie alama ya kidole mbele ya shahidi asiye mwajiri. Sheria njema. Lakini nani atamjulisha kwamba sheria hiyo ipo? Kibarua wa shamba la mkonge, mchuma maembe, fundi wa kiwanda cha nguo, mchimba mchanga wa mtoni: kila mmoja hukutana na karatasi. Kuna hati ya mshahara yenye makato. Kuna kibandiko cha dawa ya wadudu chenye kusema ni siku ngapi zipite kabla ya kuvuna. Kuna bango la hatari. Asiyesoma hutegemea wema wa msimamizi, na wema wa msimamizi si haki. Waweza kuisha kabla ya saa ya chai.

Halafu kuna tozo. Agizo la serikali la 2007 lilimtaka mwajiri alipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi wake, ziende katika mafunzo ya viwandani. Kichwa cha asiyesoma huhesabiwa sawasawa na kichwa cha mhandisi tozo inapokusanywa. Mbona kisihesabiwe mafunzo yanapogawanywa? Huwezi kumfundisha mtu kuendesha mtambo kwa kitabu ambacho hawezi kukifungua.

Tugeukie siasa za nyumbani. Kaunti ya Makueni ilipata sifa, hata nje ya nchi, kwa kuwashirikisha wananchi tangu kijijini hadi makao ya kaunti. Sifa hiyo ni haki yake, nasi hatuna kijicho. Lakini kuhudhuria ni jambo moja, na kufuatilia ni jingine. Katika mabaraza ya kaunti hizi mbili tumewaona watu wakitaja kisima wanachokitaka, wakainua mikono, wakarudi makwao. Baada ya miezi kadhaa hutoka kitabu cha bajeti, kinene kama tofali, kwa Kiingereza cha wahasibu. Kama kisima kimehamishwa ukurasani kikapelekwa kwingine, nani atajua? Kifungu cha 35 cha katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari. Habari iliyofungwa katika maandishi asiyoyaweza ni chakula kilichowekwa juu ya dari.

Na aibu hii ina kina zaidi. Vikundi vya mwethya ndivyo vilivyochimba matuta yaliyookoa udongo wa milima ya Ukambani, na wengi wa waliobeba jembe na karai ni wanawake. Walijenga pia mabwawa ya mchanga katika mito mikavu. Hata hivyo, katika vikundi vingi, kalamu ya kikundi hushikwa na yule mmoja aliyesoma. Akiwa mwaminifu, twashukuru Mungu. Akiwa mwizi, jasho la watu thelathini huandikwa kwa jina lake.

Tukiuliza ni nani mwenye wajibu, tunapigwa chenga. Jedwali la Nne la katiba laipa kaunti shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani. Laipa serikali kuu sera, shule za msingi na sekondari, na vyuo vikuu. Elimu ya watu wazima haikutajwa kwa jina upande wowote. Kifungu cha 186 chasema kazi isiyopewa kaunti ni ya serikali kuu. Basi Nairobi haina pa kujificha. Lakini kaunti nayo isinawe mikono kama Pilato, kwa sababu kifungu cha 187 chaziruhusu serikali hizi mbili kukabidhiana kazi kwa mapatano. Kinachokosekana ni nia.

Sasa twasema nanyi, waumini wenzetu. Wamisheni wa Africa Inland Mission walipofungua kituo chao cha kwanza pale Nzaui mwaka 1895, kazi waliyoianza ilikuja kukua kama kanisa na shule pamoja. Darasa la ubatizo lilikwenda bega kwa bega na darasa la kusoma, hata Wakamba wakawaita Wakristo asomi, yaani wasomaji. Hilo ndilo jina letu la kwanza! Na tangu miaka ya 1970 mpango wa DELTA, katika majimbo ya Kanisa Katoliki nchini, ulifundisha kwamba mtu akijifunza neno hujifunza pia kuuliza kwa nini ana njaa. Leo makanisa yetu hufunguliwa Jumapili na hulala Jumatatu hadi Jumamosi. Viti vipo, paa lipo, ubao wapatikana kwa mchango mdogo wa harambee. Twamwachia nani?

Watatuambia: mti mkavu haukunjiki, waacheni wazee, tusomeshe watoto. Kimani Maruge aliwajibu mwaka 2004, alipoingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na miaka 84, amevaa sare na soksi. Tena hoja hiyo yawapiganisha mama na mtoto bila sababu. Mama anayesoma ndiye atakayeifungua daftari ya mwanawe jioni.

Kwa hiyo twadai haya.

Kwanza, serikali kuu iajiri walimu wa kudumu wa elimu ya watu wazima katika kila wadi ya Kitui na Makueni, wala isiwalipe kwa kifuta jasho.

Pili, kaunti hizi mbili ziingie mapatano chini ya kifungu cha 187, zitenge fungu lenye jina lake katika bajeti, na zifungue madarasa ya chekechea na vyuo vya ufundi wakati wa alasiri.

Tatu, waajiri watoe saa mbili za masomo kila wiki ndani ya muda wa kazi, na sehemu ya ile tozo igharamie kusoma, kuandika na hesabu.

Nne, masomo yaanze kwa Kikamba, yaendelee kwa Kiswahili. Na kila waraka wa bajeti usomwe kwa sauti barazani kwa lugha hizo kabla ya kupitishwa.

Tano, kila kanisa na kila jumuiya ndogo ndogo ifungue darasa moja kabla ya mwaka kwisha.

Tunajishtaki pia sisi wenyewe. Kwa miaka mingi tumeandika vipeperushi na majarida kuwatetea wanyonge, tukayaandika kwa ajili ya wale wanaojua kusoma. Hata jarida hili unalolishika lina dhambi hiyo. Basi ukimaliza, usilikunje ukafungia sukari. Keti na jirani asiyesoma, umsomee neno kwa neno, naye abishane nawe anapotaka. Kisha mpe kalamu, uanze na jina lake. Siku atakapoliandika mwenyewe katika daftari ya kituo cha kura, kibweta cha wino tutakirudishia serikali.