Mwaka Mmoja wa Yatima

Mwezi huu twataka kunena habari ya watoto waliofiwa, kwa maana katika vibanja vya Bukoba na Muleba ni nyumba chache zisizowajua.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Toka 1991 hata 1994 watu wa elimu waliziendea nyumba zaidi ya 900 za mkoa huu, wakauliza mengi; na mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta watoto wale, ambao wengi walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Wakaona ya kwamba aliyefiwa na mama kabla hajatimiza miaka 15 alipungukiwa, kwa wastani, mwaka mmoja mzima wa masomo, na kimo chake sentimita 2.

Mwaka huo ulipotelea wapi? Wengi hudhani yatima huacha shule. Sivyo ilivyoonekana: waliokwisha kuingia shule ya msingi hawakuiacha kwa sababu ya msiba. Ila waliofiwa na mama walichelewa kuanza. Tena saa za masomo zilipungua hasa katika miezi ile mgonjwa alipokuwa angali hai nyumbani. Na kwa wasichana wadogo, mara tu baada ya kufiwa. Hili latuchoma. Sisi tu wepesi kupeleka ndizi na kuni siku ya matanga, na ni desturi njema. Bali mtoto yule alihitaji mkono wetu miezi mingi mbele, alipokuwa akiteka maji na kukoroga uji wa mgonjwa, kisha afika darasani akisinzia, naye aitwa mvivu.

Huko Nshamba, wilayani Muleba, watu waliliona jambo hili. Katika miaka ya 1990 ilianzishwa Humuliza, maana yake kwa Kihaya ni kufariji; na yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara. Mwaka 2003 Kwa Wazee ikaanza kuwapa akina bibi pensheni ndogo ya kila mwezi, pamoja na kitu kwa ajili ya wajukuu wanaowalea. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeondolewa mwaka 2001, lakini sare, daftari na chakula cha jioni havikuondolewa. Navyo huombwa kwa bibi.