Mgeni Siku Mbili: Viza ya Mpita Njia na Deni la Dar es Salaam

Wahenga walikwisha kutunga sheria ya wapita njia kabla Idara ya Uhamiaji haijapata mhuri: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu huitumia methali hii kwa ajili ya lile jembe, tukimsengenya mgeni aliyekaa mno. Mimi napenda tuisome kuanzia mwanzo wake. Siku mbili za kwanza hazina masharti. Mwenyeji hamwulizi mgeni ana kiasi gani mfukoni, wala hamtozi ada ya kukanyaga ua. Wajibu wa kujieleza na kushika kazi huanza siku ya tatu.

Sasa tuuweke utaratibu wetu wa leo kando ya methali hiyo. Msafiri anashuka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere saa 2 usiku, na ndege yake ya kuendelea inaondoka kesho yake alasiri. Ikiwa nchi yake imo katika orodha ya wanaohitaji viza, ana njia mbili tu. Ama abaki ndani ya jengo alale kwenye viti, ama alipe dola 30 za Marekani apewe viza ya kupita, ambayo ukomo wake ni siku 7. Aonyeshe tiketi ya kuendelea, ruhusa ya kuingia kule aendako na fedha za kumtosha. Anayetaka kutoka kwa saa kumi na mbili hulipa sawasawa na anayekaa juma zima.

Hoja yangu ni moja. Tanzania imwondolee viza kila msafiri mwenye tiketi ya kuendelea atakayekuwa nchini kwa muda usiozidi saa 48, na ianze na Waafrika wote. Tukikataa, tukubali pia kwamba tunajivua haki ya kulalamika tunapotendewa vivyo hivyo kwingine.

Malalamiko yetu ni ya kweli, kwa hiyo tuanze nayo. Uingereza ina orodha ya mataifa ambayo raia wake hawaruhusiwi hata kubadilisha ndege London bila viza, ingawa hawatoki nje ya jengo wala hawapiti mbele ya afisa wa mpaka. Nchi zote 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimo humo, yetu ikiwamo. Mtanzania husamehewa iwapo ana viza halali ya nchi kama Marekani, Kanada au Australia. Yaani hutiliwa shaka mpaka tajiri mwingine amdhamini. Nchi za Schengen nazo zina orodha yao ya pamoja ya mataifa 12, na nusu yake ni ya Afrika: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Eritrea, Ethiopia, Ghana, Nigeria na Somalia. Marekani ilisitisha mpango wake wa kupita bila viza mnamo Agosti 2003. Tangu hapo anayebadilisha ndege nchini humo lazima awe na viza, isipokuwa raia wa nchi zilizosamehewa, na mpango wake wa msamaha wa viza hauna hata nchi moja ya Afrika.

China, rafiki yetu wa tangu reli ya TAZARA, ilitangaza Desemba 2024 kwamba wapita njia kutoka nchi zaidi ya 50 wanaweza kukaa saa 240 bila viza. Hakuna nchi ya Afrika iliyomo. Lakini China hiyo hiyo humruhusu karibu kila msafiri wa dunia, Mtanzania akiwamo, kupita bila viza kwa saa 24. Msomaji alishike jambo hilo, kwa sababu nitalirejea.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Tandika, aliwahi kualikwa kwenye mkutano katika kisiwa kimoja cha Karibea. Kisiwa chenyewe hakikumdai viza, ila tiketi yake ilipita London. Alizuiwa hapa hapa Dar es Salaam, kwenye kaunta, na aliyemzuia alikuwa karani wa shirika la ndege. Serikali ya Uingereza huweza kulitoza shirika la ndege pauni 2,000 kwa kila abiria liliyemfikisha bila hati zinazotakiwa, kwa hiyo mashirika yamegeuka askari wa mpaka wasiokula kiapo. Karani hana mamlaka ya kusikiliza hoja, hana fomu ya rufaa. Ana kompyuta inayokataa. Ndivyo mpaka wa Uingereza ulivyohamishiwa Kipawa bila Bunge letu kuulizwa.

Mfumo huu unapingana na nia ya makubaliano ya usafiri wa anga yenyewe. Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinazihimiza nchi wanachama zipunguze kadiri ziwezavyo idadi ya mataifa ambayo raia wake hudaiwa viza kwa kubadilisha ndege tu siku hiyo hiyo. Waliouandika mkataba huo walielewa kwamba anayepita hajaomba kukaa.

Hapo ndipo hasira zetu huishia kwa kawaida. Tunalaani London, tunashuka jukwaani, tunapigiwa makofi. Mimi naomba tusogee hatua moja zaidi, tujitazame.

Ni kweli kwamba Mkenya, Mganda, Mzambia, Mmalawi na Mmsumbiji huingia kwetu bila viza, na ni jambo la kujivunia. Lakini Mkameruni anayepita Dar es Salaam kwa usiku mmoja hatendewi kama ndugu. Hutendewa kama mteja. Chini yake kuna tabaka jingine, la viza rejea, ambamo nchi kama Somalia na Mali zimekuwamo. Huyo maombi yake hupelekwa juu yakachunguzwe kabla hajakata shauri la kusafiri. Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya yetu tangu Machi 2024. Tumempa kiti mezani huku mlango wa mbele tumeufunga kwa komeo.

Wenzetu wanasogea. Rwanda inawapokea Waafrika wote bila viza. Benin, Gambia na Shelisheli vilevile. Kenya iliachana na viza Januari 2024 ikaleta kibali cha kielektroniki cha kulipia, na Januari 2025 Baraza lake la Mawaziri likaridhia kuwaondolea Waafrika karibu wote kibali hicho, isipokuwa wa Somalia na Libya. Si uamuzi uliokamilika, lakini unakwenda mbele. Sisi, tuliojiita mama wa ukombozi, tunahesabu dola thelathini thelathini.

Nitumie neno hilo, ukombozi, kwa uangalifu, maana siku hizi limekuwa pambo la hotuba. Nawaomba watumishi wa umma wanaofanya kazi katika ofisi za Uhamiaji za Kurasini, wilayani Temeke, wavumilie somo fupi la historia ya mtaa wao. Kurasini hiyo hiyo ndiko ilikokuwa Taasisi ya Msumbiji, iliyosomesha vijana waliokimbia utawala wa Wareno. FRELIMO yenyewe iliundwa Dar es Salaam Juni 1962. Upande wa Kinondoni, Oysterbay ndiko Eduardo Mondlane alikouawa kwa bomu la kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Kamati ya Ukombozi ya OAU iliweka makao yake katika jiji hili tangu 1963. Na mapema 1962, Nelson Mandela alipofika hapa akiwa hana pasipoti ya nchi yake, serikali changa ya Tanganyika ilimpa hati ya kumwezesha kusafiri na kurejea, naye akaendelea na safari ya kuelekea Addis Ababa.

Wote hao walikuja kama wapita njia. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, na hatari ya kuwahifadhi ilikuwa ya kweli. Bomu la Oysterbay halikuwa nadharia. Hata hivyo hatukuanza kwa kuuliza ada. Tuliwapa siku mbili, kisha tukawapa miaka.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni la kisasi: viza kwa viza, nao watuondolee kwanza. Mantiki hiyo ina nguvu ikiwa unamjibu aliyekukosea. Lakini kumtoza Mkameruni kwa kosa la London ni kumpiga mwana wa jirani kwa sababu bwana mkubwa amekutukana. Kisasi cha namna hiyo hakimfikii aliyekusudiwa. Mwingereza hulipa dola zake bila kutetereka.

La pili ni la mapato. Wanauliza, Hazina itapoteza kiasi gani? Wanasahau kumhesabu yule anayebaki kitini. Huyo hailipi Hazina hata senti moja, na halipi chochote nje ya geti. Tumejenga Jengo la Tatu la abiria, lililofunguliwa Agosti 2019 likiwa na uwezo wa abiria milioni 6 kwa mwaka. Tumenunua ndege za Boeing 787, na Air Tanzania inafika Guangzhou na Mumbai. Huwezi kutaka jiji liwe kituo cha kuunganishia safari huku ukimtoza abiria kwa kupumua hewa yake. Msafiri aliyeruhusiwa kutoka atahitaji bajaji, kitanda, sahani ya wali na vocha ya simu. Fedha hiyo ataiacha kwenye nyumba za wageni za Yombo na Chang'ombe, kwa mama lishe wa Tandika, na akiwa na nusu siku ya ziada, kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Wakazi wa Temeke wamezoea kusikia ndege zikipita juu ya mabati yao. Ni haki wapate walau chai kutokana na kelele hizo.

Hapo ninatoa onyo. Falme za Kiarabu hutoa viza ya kupita ya saa 48 bila malipo, lakini huombwa kupitia mashirika ya ndege ya nchi hiyo. Tusiige sharti la namna hiyo, wala tusimlazimishe mgeni kulala katika hoteli chache zilizoorodheshwa. Msamaha ukipitia mikononi mwa kampuni tatu, fedha zitabaki Masaki, na Mbagala itaendelea kusoma habari za utalii gazetini.

Jibu la tatu ni usalama, na hili silidharau. Wapo watakaoshuka na kutoweka. Lakini mwenye tiketi ya kuendelea anajulikana jina, pasipoti na ndege yake kabla hajatua, na wajibu wa shirika la ndege kumrudisha abiria asiyestahili kuingia upo tayari. Anayetaka kupita kwa siri hapiti mbele ya kamera za Jengo la Tatu. Hupita porini, ndani ya lori. Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa mkoani Dodoma. Walikufa kwa kukosa hewa wakiwa wamefungiwa ndani ya lori, safarini kuelekea kusini. Sidai kwamba saa 48 za uwanja wa ndege zingewaokoa watu hao. Hawakuwa na tiketi. Nasema tu kwamba ugumu wa mlango wa mbele haukuwahi kuzuia watu kupita Tanzania. Na nchi ambayo neno lake la kwanza kwa Mwafrika anayepita ni "haramu" imekwisha kuzoea jambo baya.

Sasa narudi kwenye zile saa 24 za China. Dola inayolinda milango yake kwa ukali kuliko sisi imeona kwamba inawezekana kumruhusu karibu kila mtu siku moja bila viza. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba jambo hili ni ndoto ya wahadhiri. Orodha ya nchi zisizohitaji viza imekuwa ikibadilishwa mara kwa mara bila kuandika upya Sheria ya Uhamiaji ya 1995. Kinachotakiwa ni uamuzi wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, mhuri wenye saa ya kuingia na saa ya kutoka, na hesabu zitakazotangazwa hadharani kila mwaka: wangapi walipita, wangapi walizidisha muda. Takwimu zikionyesha kwamba nimepotoka, zitumike dhidi yangu.

Wanafunzi, msiishie kuandika tasnifu kuhusu Umajumui wa Afrika huku hamjui ada ya viza ya nchi yenu kwa Mwafrika mwenzenu. Wanaharakati, mkipinga viza ya London, bebeni bango la pili lenye jina la Dar es Salaam. Watumishi wa umma, ninyi ndio mnaoandika mapendekezo ambayo mawaziri huyatia saini. Andikeni hili. Saa 48 zikiisha na mgeni bado yupo, sitakuwa na neno. Jembe lipo, na methali inaruhusu.