Kituo cha Programu: Kiswahili Kisiishie Kwenye Skrini

Mjadala wa istilahi za kompyuta umedumu katika taaluma yetu kwa miaka mingi. Tumebishana iwapo kifaa chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Tumelumbana kuhusu kipanya na puku, tovuti na wavuti. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, na baadaye kampuni ya Microsoft ikatoa Windows na Office zenye sura ya Kiswahili. Hizo ni hatua za kupongezwa. Hata hivyo, zote zinahusu kile ambacho jicho la mtumiaji linakiona. Maoni yangu ni kwamba Kiswahili hakina budi kuingia ndani ya programu, na mlango wa kwanza uwe pale programu inapokaguliwa.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika katika Uchaguzi Mkuu wa tarehe 4 Machi 2013. Matokeo yalipokuwa yakionyeshwa katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, idadi ya kura zilizokataliwa ilipanda hadi zaidi ya 300,000. Baadaye Tume ya Uchaguzi ilieleza kwamba hitilafu katika programu ilikuwa ikizidisha kura hizo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Tofauti hiyo haikuwa ndogo, kwa maana mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07, na swali la iwapo kura zilizokataliwa zihesabiwe lilifika hadi Mahakama ya Juu. Taifa zima lilitakiwa kuamini maelezo kuhusu hitilafu ambayo wananchi wengi hawakuwa na lugha ya kuihoji.

Ukaguzi wa hitilafu kama hiyo hufanywaje? Mtaalamu hutumia programu maalumu ambayo katika makala haya nitaiita kitatuzi. Kimojawapo kinachojulikana sana ni GDB, kilichoanzishwa na Richard Stallman mwaka wa 1986. Kitatuzi humwezesha mkaguzi kuchagua mahali katika programu na kuamuru: ukifika hapa, simama. Katika kompyuta zenye vichakataji vya aina ya Intel, kitatuzi huondoa baiti 1 ya agizo lililopo mahali hapo na kuweka badala yake agizo fupi la kusimamisha. Kichakataji kikilifikia, programu hutulia huku thamani zake zikiwa wazi kutazamwa. Mkaguzi akitosheka, kitatuzi hurejesha baiti ya asili, agizo halisi hutekelezwa, kisha mtego hutegwa upya. Kwa njia hii, anayeingiza kura 5 katika programu yenye hitilafu niliyoitaja angeweza kuona zinapogeuka kuwa 40.

Lakini wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Kitatuzi nacho ni programu, nacho kinaweza kuugua. Kikisimama mahali pasipostahili, au kikisahau kurejesha baiti kilichoiondoa, kitamdanganya mkaguzi. Kwa sababu hiyo wajenzi wa GDB wana hazina kubwa ya majaribio yanayojiendesha yenyewe. Miongoni mwake mna programu ndogo inayozidisha 6 kwa 5 kwa 4 hadi 1 kwa kujiita yenyewe tena na tena. Ukiweka kituo mwanzoni mwa kazi hiyo, sharti kifikiwe mara 6, si 5 wala 7. Na mwishoni jibu liwe 720, kana kwamba hapakuwa na aliyeisimamisha. Kila kitatuzi kinapofanyiwa mabadiliko, majaribio hurudiwa bila mkono wa mtu, na kila moja hutoa hukumu: limefaulu au limeshindwa.

Msomaji atakuwa ametambua kwamba nimelitumia neno kituo bila kulitetea. Mwenye kutafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza angesema “nukta ya kuvunjia”, na angepotoka, kwani programu iliyosimamishwa haijavunjika. Kituo kinatokana na kitenzi tua. Mchukuzi hutua mzigo, huufungua, huutazama, kisha hujitwika tena na kuendelea na safari. Ndivyo inavyofanya programu. Abiria wa matatu kutoka katikati ya jiji kwenda Westlands, Kangemi au Uthiru analijua neno hili. Mwanafunzi wa ushairi analijua pia kama jina la mshororo unaofunga ubeti. Vivyo hivyo, “hitilafu” inatosha. Hatuna haja ya kumwambia mpiga kura kwamba kompyuta imeingiwa na mdudu.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba waandishi wa programu walioko Westlands na kando ya Barabara ya Ngong hufanya kazi kwa Kiingereza, na kwamba istilahi zetu zitakufa kabatini kama zilivyokufa nyingine. Hoja ya kwanza ni kweli, lakini haitoshi. Programu siku hizi huhesabu kura, husafirisha pesa na kukadiria kodi, na wanaoathiriwa nazo si waandishi wake pekee. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kuuliza “mlikagua vipi?” ina urasmi wa karatasi tu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na jibu lake tunaweza kujifunza kutoka kwa wajaribu wa vitatuzi. Tumezoea kubuni istilahi vikaoni, tukazichapisha, tukadhani kazi imekwisha. Neno nalo lijaribiwe. Tuandike maelezo mafupi ya Kiswahili kuhusu kituo, hitilafu, thamani na jaribio. Tumpe mtu asiyejua kompyuta, kisha tumwulize programu ilisimama wapi na ilibeba nini. Akishindwa kujibu, neno limeshindwa, si yeye. Kila tunapobadilisha istilahi moja, tuyarudie maswali yale yale, kwa kuwa neno jipya huweza kulitatiza la zamani.

Kutoka Bewa Kuu la Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Chiromo, wanakosomea wenzetu wa kompyuta, ni mwendo wa miguu tu. Napendekeza chama chetu kiwaalike wanafunzi hao, tukae nao mbele ya kitatuzi, nao watuonyeshe kila hatua huku tukiandika. Uchaguzi hurudi kila baada ya miaka mitano. Maswali ya namna programu zilivyojaribiwa yaulizwe kabla ya siku ya kura, na yaulizwe kwa lugha ambayo mpiga kura ataelewa majibu yake.