Wanaokimbilia uzamifu waonje utafiti kwanza

TUME ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ilipotangaza mnamo 2014 kwamba wahadhiri sharti wawe na shahada ya uzamifu, na kuwapa miaka mitano kuipata, iliwaweka wengi mbioni. Makataa yalipowadia, wahadhiri wengi bado hawakuwa nayo.

Juni 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilitoa shahada 118 za uzamifu katika mahafali moja. Serikali iliagiza uchunguzi, na mjadala mkali ukazuka kuhusu ubora wa shahada hizo.

Mjadala huo ulijikita kwa waliofika mwisho wa safari. Waliokuwa wakianza hawakumulikwa, ilhali swali linalowahusu ndilo zito zaidi: je, mtu hujiandaa vipi kabla ya kujisajili kwa masomo ya uzamifu?

Ukweli ni kwamba wengi huingia mikono mitupu. Tangu shule ya msingi, mwanafunzi wa Kenya hufunzwa kujibu maswali yaliyotungwa na wengine. Katika uzamili, hasa kozi za biashara na usimamizi, hufanya mradi mfupi wa utafiti ili ahitimu. Halafu ghafla hutakiwa atunge swali ambalo halijajibiwa na yeyote, na kuishi nalo kwa miaka mitatu au zaidi.

Hapo ndipo wengi hukwama. Pendekezo la utafiti hurudishwa mara kwa mara, karo inazidi kulimbikizwa na mkopo wa chama cha ushirika unaendelea kukatwa mshahara. Baadhi hukata tamaa, na wengine hushawishika kuwalipa waandishi wa mitandaoni wawaandikie tasnifu. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, lakini ni busara kwanza kuyapima kina.

Njia ya kuyapima ni kufanya kazi ya utafiti chini ya mtafiti mwenye tajriba, kwa mwaka mmoja au miwili, kabla ya kuomba nafasi ya uzamifu. Msaidizi wa utafiti hujifunza mambo ambayo hayafunzwi darasani. Hung'amua kwamba kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI) na idhini ya kamati ya maadili hutakiwa kabla ya hojaji ya kwanza kujazwa. Hugundua kwamba swali lililoeleweka vyema ofisini Nairobi huenda lisieleweke kabisa nyanjani, na kwamba kusafisha data huchukua muda mrefu kuliko kuikusanya.

La muhimu zaidi, hujijua. Kuna anayegundua kuwa kazi hii ya upweke na subira ndiyo aipendayo. Kuna pia anayegundua kuwa alichotaka ni cheo tu. Huyu wa pili huwa ameokoa miaka na akiba yake, wala hapaswi kuonekana kuwa ameshindwa.

Aidha, tajriba hiyo humfaa mwombaji. Nchini Marekani, vyuo vingi huitisha barua tatu za mapendekezo. Mhadhiri aliyesahihisha mtihani tu ataandika kuwa mwanafunzi alipata alama ya A. Aliyefanya kazi naye ataeleza alivyofanya data ilipokwenda kombo, na barua ya namna hiyo ndiyo yenye uzito.

Kenya haikosi mahali pa kujifunzia. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimewalea watafiti wengi wa Kiafrika. Kilifi kuna mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ulioanza 1989, ambao huwapokea wahitimu kama wakurufunzi. Kwa mwanafunzi wa historia, kuna Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi. Anayelenga fasihi ya Kiswahili anaweza kuanza kwa kujifunza kusoma miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, kazi ambayo haihitaji maabara.

Hata hivyo, si haki kumtwika mwanafunzi mzigo wote. Nafasi hizi ni chache na nyingi ziko Nairobi. Zile zisizo na malipo huwafaa tu wenye wazazi wa kuwalipia kodi na nauli, huku binti wa mkulima wa Busia, hata akiwa na kipaji, akilazimika kutafuta kibarua chochote.

Serikali nayo haina budi kujibu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 ilikusudia Hazina ya Kitaifa ya Utafiti itengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiasi hicho hakijawahi kufikiwa. Sehemu ndogo tu ya fedha hizo ingetosha kuwalipa wasaidizi wa utafiti katika vyuo vya umma, hata vilivyo mbali na jiji kuu.

Vyuo, kwa upande wao, vinaweza kuanza bila kungoja senti. Viulize kila mwombaji wa uzamifu ameshiriki utafiti gani, alifanya nini hasa, na ni nani aliyemwongoza. Mhadhiri anayepata ufadhili naye atenge nafasi ya mwanafunzi mmoja au wawili katika mradi wake.

Uzamifu si pambo la jina. Anayeupata bila kujua kutafiti atakabidhiwa wanafunzi awaongoze katika njia asiyoijua, nao watawaongoza wengine. Taifa litakalolipia makosa hayo halitalipa kwa karo pekee, bali kwa dawa zisizopimwa ipasavyo na sera zilizojengwa juu ya takwimu zisizoaminika.