Mkono Uliovimba Baada ya Upasuaji

Tangu Bandari Kavu ya Kwala ilipozinduliwa rasmi tarehe 31 Julai, 2025, eneo lile limekuwa la malori, makontena na watu wanaopanda na kushuka tangu alfajiri. Penye kupanda na kushuka hapakosi kuanguka, na mtu aangukapo hutanguliza kiganja. Uzito wote wa mwili huishia kwenye kifundo cha mkono, na unaovunjika mara nyingi ni ule mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Daktari mpasuaji wa Ireland, Abraham Colles, aliueleza mvunjiko huo mwaka 1814, miaka 81 kabla ya kugunduliwa kwa eksirei. Ni ajali ya kale basi, wala si mkosi wa ukoo kama majirani wengine wapendavyo kusema.

Kutoka Kwala, majeruhi hupita Vigwaza na Mlandizi hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi, Kibaha. Mwenye mvunjiko mgumu zaidi huweza kupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mfupa uliosagika hunyooshwa kwa upasuaji na kushikizwa kwa bamba la chuma na skrubu. Nyuzi hutolewa baada ya majuma mawili hivi, na kwa kawaida mfupa huwa umeshikana baada ya majuma sita hadi manane.

Taabu tunayotaka kuizungumzia leo huanzia hapo. Kidonda kimekauka na picha inaonyesha mfupa umekaa vema, lakini mkono bado umevimba kama andazi. Asubuhi una nafuu, jioni umejaa. Vidole havikunjiki, pete haipiti. Ndipo mashauri yanapoanza nyumbani: shangazi anadai chuma kimekataliwa na mwili, shemeji anamjua mzee mmoja hodari wa kuunga mifupa, na mgonjwa mwenyewe, ambaye kazi yake ni ya mikono, anakesha akijiuliza atawalisha nini watoto.

Uvimbe huo peke yake si dalili kwamba upasuaji umeharibika. Waweza kuendelea miezi kadhaa, na kwa wengine hukaribia mwaka. Moyo husukuma damu hadi ncha za vidole, lakini kuirudisha juu, pamoja na maji yaliyovujia katika nyama, husaidiwa sana na misuli ya mkono inapokunja na kukunjua. Mkono unaoning'inia kutwa nzima huku vidole vimelala ni kama kisima chenye pampu isiyovutwa.

Na hapa wenye nyumba, kwa upendo wao, ndio humchelewesha mgonjwa. Mke humfunga vifungo vya shati, binti humshikia kikombe, naye hukaa kama mwali. Mwacheni ajifunge vifungo, ashike kijiko, ahesabu sarafu. Kila saa akiwa macho afumbe ngumi kadiri awezavyo, afumbue, kisha agusishe kidole gumba na kila kidole kingine. Kiwiko na bega navyo vinyooshwe, maana bega lililolazwa hukakamaa. Akiketi au akilala, mkono uwekwe juu ya mito, upite usawa wa moyo. Kuzungusha kifundo chenyewe kusubiri ruhusa ya daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kadhalika kubeba ndoo.

Hatuna ugomvi na wazee wanaounga mifupa. Wametunza majeruhi wengi pasipokuwa na hospitali. Lakini mkono wenye bamba la chuma ndani si wa kuvutwa, kukandwa kwa nguvu wala kufungwa vijiti. Kamba ikikaza juu ya mkono unaovimba, damu hukosa njia na nyama hufa, na wapo walioishia kukatwa mkono kwa sababu hiyo.

Lipo, hata hivyo, la kukimbilia hospitali bila kungoja siku ya kliniki: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, vidole kuwa baridi au kubadilika rangi, ganzi isiyoisha katika kidole gumba na viwili vinavyofuata, usaha au homa. Aidha, mkono unaowaka moto, unaong'aa na kutoka jasho, usiotaka kuguswa hata na shuka, umuone daktari mapema, kwani maradhi hayo yakikawia kutibiwa huacha vidole vimekakamaa.

Aliyeumia kazini amjulishe mwajiri wake mara moja. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Dai linatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 12. Karatasi za hospitali, stakabadhi na picha za eksirei ziwekwe pamoja mahali pakavu, mbali na watoto wanaopenda kuchungulia mifupa ya baba dirishani.